Ukishindwa Majini: Mwongozo kwa Mpiga Kafi wa Mashindano, Tanga

Mwongozo huu ni wa mpiga kafi anayeshindana, awe wa kayaki au wa mtumbwi, anayefanya mazoezi katika Ghuba ya Tanga au mahali pengine pa pwani yetu panapofanana napo. Unahusu mambo yanayomkuta kila mshindani: kushindwa mbio uliyoitarajia, muda kurudi nyuma bila sababu inayoonekana, kuumia, kuugua, kupinduka mbele ya watu, kuachwa kwenye timu. Tunaanza na hesabu kabla ya moyo, kwa sababu wapiga kafi wengi wazuri huvunjwa moyo na tarakimu walizozisoma vibaya.

Hatua ya 1: Siku mbili bila uamuzi

Ukitoka majini umeshindwa, usiamue kitu kwa saa 48. Usiache timu, usibadili kafi, usimwandikie kocha ujumbe mrefu, wala usijiongezee mazoezi ya kufidia. Mwili uliotoka kwenye mbio umechoka na pengine umepungukiwa maji, na katika hali hiyo kila jambo huonekana zito kuliko lilivyo. Kunywa kwanza. Ndani ya saa moja kula chakula cha kweli: wali na samaki, au ndizi mbili na maziwa kama tumbo bado limefunga.

Jioni ile ile, kabla maneno ya watu hayajachanganyika na kumbukumbu yako, andika kwenye daftari:

- saa uliyoanza, na kama maji yalikuwa yanajaa, yanatoka au yamesimama
- upepo ulitoka wapi, na ulikupiga usoni, ubavuni au mgongoni
- mahali hasa ulipopitwa au ulipoanza kulegea (mita ya 100? ya 350?)
- mikono na miguu ilikuwa inafanya nini hapo
- ulikuwa unawaza nini hapo
- ulilala saa ngapi usiku wa kuamkia mbio, na ulikula nini

Video iache mpaka kesho yake. Itazame mara mbili: mara ya kwanza mikono tu, mara ya pili omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kama inakwenda sawa au inainama na kuinuka kila pigo. Watu wa ufukweni watasema, ndiyo kawaida yao. Anayekuja na pole, ipokee. Anayekuja na uchambuzi, mwambie mtazungumza keshokutwa.

Hatua ya 2: Tenganisha yako na ya bahari

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Muda wa baharini haulinganishwi hivi hivi na muda mwingine wa baharini.

Chukua mpiga kafi ambaye kwenye maji yaliyosimama anakwenda mita 3.5 kwa sekunde. Mita 500 atazimaliza kwa sekunde 143. Mkondo wa mita 0.3 kwa sekunde, ambao kwa macho huwezi hata kuutambua, ukimkabili atamaliza kwa sekunde 156. Ukimsukuma, sekunde 132. Hizo ni sekunde 24 kati ya siku nzuri na siku mbaya, na mtu ni yule yule, nguvu ni zile zile.

Sasa angalia saa. Kwenye pwani hii, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, maji yanapojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka: hujaa karibu na saa 4, hupwa karibu na saa 10. Kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mkondo huwa mkali zaidi katika saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka au kujaa. Kwa hiyo anayeingia majini kila siku saa 1 asubuhi hukutana na mkondo wa kutoka katika kilele chake siku za bamvua, na wiki moja baadaye, saa ile ile, hukuta maji yanajaa taratibu. Akiwa anapima akielekea upande mmoja tu, daftari lake litamwonyesha "kushuka kiwango" kila baada ya wiki mbili. Kuna watu wamebadili kocha kwa sababu ya mwezi.

Namna ya kupima kwa haki:

1. Weka alama kwa nchi kavu, usitegemee boya. Kamba ya boya lazima iwe ndefu ya kutosha maji yakijaa, na maji yakipwa boya linatangatanga. Tafuta vitu viwili vya nchi kavu vinavyokaa mstari mmoja, mnara na mnazi kwa mfano, kama wavuvi wanavyotafuta mwamba wao. Mstari mmoja wa kuanzia, mwingine wa kumalizia. Urefu upime mara moja kwa simu yenye ramani, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

2. Pima maji yanaposimama, karibu na maji kujaa. Maji yakipwa sana kina hupungua, na chombo kikipita juu ya maji ya kina kifupi huzama tezi (sehemu ya nyuma) na kuwa kizito.

3. Piga mita 500 kwenda, pumzika dakika 8, piga mita 500 kurudi, kwa nguvu ile ile. Gawa 500 kwa sekunde za kila upande upate mwendo, jumlisha mienendo miwili, gawa kwa mbili. Kwa mfano wetu: 3.2 na 3.8, wastani 3.5. Mkondo umejifuta. Usichukue wastani wa sekunde, chukua wa mwendo.

4. Upepo haujifuti hivyo. Upepo wa usoni hukunyang'anya zaidi ya unachorudishiwa na wa mgongoni. Pima asubuhi mapema kabla haujaamka, hasa miezi ya kusi, Juni hadi Agosti. Upepo ukishapiga, fanya mazoezi mengine na uache saa.

Baada ya masika ongeza tahadhari nyingine. Mito ya Zigi na Mkulumuzi huingiza ghubani maji ya matope, magogo na matawi. Gogo lililozama nusu hulioni mpaka uligonge. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa kaa mbali na midomo ya mito, na njia ya meli za bandari usiikate kamwe.

Hatua ya 3: Tafuta pabovu

Kamba hukatikia pabovu. Ukishatoa sehemu ya bahari na bado mwendo umeshuka, kinachobaki ni chako, na kinapimika kwa namba mbili: mapigo kwa dakika (hesabu kulia na kushoto kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili) na mita kwa kila pigo.

Mwendo wa mita 3.5 kwa sekunde ni mita 210 kwa dakika. Kwa mapigo 90, kila pigo limekupeleka mita 2.33. Sasa tuseme siku ya mbio ulipiga 100 na mwendo ukawa mita 204 kwa dakika: kila pigo limekupeleka mita 2.04. Umefanya kazi zaidi ukaenda polepole zaidi. Huo si udhaifu wa mwili. Ni papara: bapa, sehemu pana ya kafi, linavutwa kabla halijazama lote, linatoka na povu, mabega yanafanya kazi ya kiuno. Dawa yake ni mapigo 60 hadi 65 kwa dakika, dakika 20, ukisubiri bapa lizame lote ndipo uvute, na lichomoke linapofika usawa wa nyonga. Likipita nyonga linainua maji na kuzamisha tezi.

Mapigo yakishuka lakini mita kwa pigo zimebaki pale pale, ufundi upo, pumzi na misuli ndiyo iliyokwisha. Hapo ongeza vipande virefu: mara 4 za dakika 6, mapumziko dakika 3.

Vyote viwili vikishuka kwa pamoja, shuku ugonjwa, usingizi au chombo kabla ya kushuku bidii. Kayaki ya mtu mmoja ya mashindano ya mbio fupi haipaswi kupungua kilo 12. Lita 3 za maji yaliyovuja ndani ni robo ya uzito huo, tena yanakimbia huku na huku. Mtumbwi wa mti ulioachwa majini wiki nzima hunyonya maji ukawa mzito. Utoe, uugeuze kichwa chini kivulini, kagua nyufa na uzikalafati, yaani uzizibe. Kwenye kafi tazama ncha ya bapa na pale mpini unapoungana nalo, ndipo panapopasuka kwanza.

Namba hazioni kila kitu. Ufukweni kuna wazee waliokaa majini maisha yao yote, na jicho lao ni la thamani. Mwendee kwa adabu: "Shikamoo mzee. Naomba unitazame nikipita pale, uniambie kafi linatokea wapi." Akikujibu "marahaba, mwanangu," piga mara tatu kwa mwendo wa kawaida, usijionyeshe, kisha msikilize mpaka amalize.

Hatua ya 4: Badili kitu kimoja

Ukibadili kafi, chakula na mpangilio wa mazoezi wiki moja, hutajua kilichokuponya wala kilichokuharibu. Chagua kimoja, kipe wiki mbili kamili, yaani bamvua moja na maji mafu mara moja, upime tena kwa njia ya Hatua ya 2. Kama hakuna mabadiliko, kirudishe kilivyokuwa, chukua kingine.

Mfano mzuri wa uvumilivu huu ni Lisa Carrington wa Nyuzilandi. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alitwaa dhahabu ya kayaki mita 200, lakini mita 500 alipata shaba. Tokyo akashinda zote mbili. Kisha mita 200 ya kayaki ikaondolewa kwenye ratiba ya Olimpiki, mbio aliyoishinda mara tatu mfululizo, na mwaka 2024 Paris akaibuka na dhahabu ya mita 500 tena. Mita 500 inadai mgao tofauti wa nguvu na mita 200, na mgao huo ulijengwa kwa miaka.

Ukiumia

Kifundo cha mkono ndicho kinacholalamika kwanza. Maumivu upande wa dole gumba au juu ya kiganja, uvimbe, na mlio wa kukwaruza ukikikunja. Sababu kubwa ni kushika mpini kwa nguvu mno, hasa siku ya mawimbi. Mkono wa juu unasukuma tu, vidole vyake vinaweza kufunguka kabisa kila pigo. Kama bapa za kafi la kayaki zimepishana pembe kubwa, ipunguze. Acha kafi mpaka mlio uishe; barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, inatuliza.

Bega huumia mkono wa juu unapopanda juu ya usawa wa macho, au unapojaribu kuzuia kupinduka kwa mkono ulionyooka nyuma ya mwili. Viwiko vikae vimekunjwa na karibu. Tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo ni kifaa kizuri: kiwiko ubavuni, vuta kwenda nje polepole, mara 15, seti 3, siku tatu kwa wiki. Mgongo wa chini nao huchoka kwa sababu ya paja la nyuma lililokaza; nyoosha mapaja kila baada ya mazoezi, sekunde 30 kila upande.

Kanuni ya maumivu, kwa kipimo cha 0 hadi 10: yakiwa 0 hadi 2 na kesho asubuhi hayapo, endelea. Yakifika 3, punguza nusu. Kuanzia 4, toka majini. Ganzi ya vidole, maumivu yanayokuamsha usiku, au yanayopita wiki mbili, ni ya hospitali, si ya kuchuliwa na rafiki.

Kurudi baada ya wiki mbili au zaidi nje: wiki ya kwanza nusu ya dakika zako za kawaida, polepole, siku moja ndani siku moja nje. Ya pili, asilimia 65. Ya tatu, asilimia 80 na vipande vifupi vya kasi, mara 6 za sekunde 20. Ya nne, kazi kamili. Watu wengi huharibu wiki ya pili, kwa sababu maumivu yameondoka na nguvu imerudi haraka kuliko kano. Kano huchelewa kuliko misuli, na hilo halina njia ya mkato.

Ukiugua

Homa Tanga ina maana moja ya kwanza: kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Usimeze dawa kwa kubahatisha. Kama imeonekana, dawa mseto imalizwe siku zote tatu hata kama siku ya pili umepata nafuu. Usifanye mazoezi ukiwa kwenye dozi. Subiri siku tatu bila homa, kisha anza na dakika 20 za mwendo wa mazungumzo, yaani unaoweza kuongea bila kuhema.

Mapigo ya moyo yatakusaidia. Kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani yahesabu kwa dakika nzima, uyaandike. Yakizidi kawaida yako kwa 10 au zaidi, siku hiyo ni ya kupumzika au ya mwendo mwepesi tu. Kizunguzungu, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa au mkojo mweusi, nenda hospitali bila kungoja.

Joto letu nalo hudanganya. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, na ndani ya saa chache zijazo urudishe lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo. Mazoezi yakizidi saa moja, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni kidogo. Kula na kitu chenye chumvi.

Mwezi wa Ramadhani usitafute rekodi. Mazoezi mepesi dakika 30 hadi 40 kabla ya magharibi, ili futari iwe karibu, au vipande vya kasi nchi kavu baada ya tarawehe. Usiingie baharini usiku. Daku iwe na kitu kinachokaa tumboni: muhogo, maharage, mayai, uji mzito. Muda utashuka kidogo, na wiki mbili tatu baada ya Idi utarudi.

Ukipinduka

Aliyepinduka mashindanoni mara nyingi hurudi akiwa amekaza nyonga, na nyonga zilizokaza ndizo zinazompindua tena. Hofu hii haiondoki kwa kuambiwa usiogope. Chagua maji ya kifuani, vaa jaketi la kujiokolea, awepo mwenzako, mpinduke kwa makusudi mara 5 kila upande: shika chombo na kafi, kigeuze, panda kwa tumbo kutoka tezi, kaa, fua maji (yatoe chomboni). Rudia mpaka uwe umekaa tena ndani ya dakika moja. Kisha kaa bila kupiga kafi, tikisa chombo kwa nyonga huku kichwa kimetulia, dakika 5 kila siku kwa wiki moja.

Kushika akili ndani ya mbio

Akili inayowaza matokeo huacha mkono peke yake. Ipe kazi. Kata mita 500 vipande vinne, kila kimoja na neno lake:

Mapigo 12 ya kwanza: "zamisha". Mafupi, mazito, bapa lote ndani.
Mpaka mita 150: "nyoosha". Hapa unashusha mapigo kidogo na kurefusha. Anayekataa kushusha hapa hulipa mita ya 350.
Mita 150 hadi 350: "mguu". Kila pigo sukuma kwa mguu wa upande ule ule. Hapa ndipo mawazo hupotea. Yakipotea hesabu mapigo 20, anza tena.
Mita 150 za mwisho: "juu". Mapigo yanapanda, urefu haupungui.

Andaa pia majibu mapema, kwa mtindo wa kama na basi. Kama nimechelewa kuanza, basi sitafukuza kwa mapigo 10. Nitagawa pengo hadi mita 250. Kama wimbi la jirani limenipiga, basi mapigo matatu mafupi, mkono wa juu chini. Kama kafi limeteleza, basi pigo linalofuata ni la polepole na la kina. Yaandike matatu tu, yafanyie mazoezi majini mara moja kwa wiki kwa kumwomba mwenzako akusumbue kwa makusudi. Jibu ambalo halijawahi kufanywa majini halitokei siku ya mbio.

Saa tatu kabla ya mbio kula mlo wa mwisho, usio na mafuta mengi. Dakika 40 kabla, ingia majini upashe mwili moto dakika 15 hadi 20, na vipande vinne vya sekunde 15 vya kasi. Kisha kivulini, kofia yenye maji kichwani, simu kwa mtu mwingine. Ukiwa kwenye mstari: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara tano. Neno la kwanza mdomoni.

Ukiachwa kwenye timu

Mwombe kocha nafasi ya kuzungumza baada ya siku mbili, si mbele ya wenzako, na uulize maswali matatu: nimepungukiwa na nini hasa, kinapimwaje, na nitapimwa tena lini. "Ongeza bidii" si jibu la kufanyia kazi. Omba namba kwa heshima. Birgit Fischer wa Ujerumani Mashariki alikosa Olimpiki ya 1984 kwa sababu nchi yake ilisusia, jambo ambalo kafi lake lisingeweza kulitatua. Mwaka 1988 alirudi na dhahabu mbili, na dhahabu yake ya mwisho aliipata mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 42.

Kama umenyimwa na chombo pia, kazi inaendelea nchi kavu. Mara mbili kwa wiki: kujivuta kwenye tawi au bomba seti 5 za mara unazoweza ukibakiza mbili, kusukuma mwili kwa mikono seti 4 za 15, na kukaa sakafuni miguu mbele ukizungusha kiuno na fimbo mabegani, seti 3 za 30. Mara mbili kwa wiki kimbia kwenye mchanga mgumu maji yakipwa, dakika 30 hadi 40. Chombo omba kwa saa moja mara moja kwa wiki, wakati ambao mwenyewe hakitumii, ukirudishe kimeoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi na kimekauka. Saa hiyo itumie kwa kipimo kimoja cha kwenda na kurudi na dakika 30 za mapigo ya polepole, namba zikiingia daftarini ili siku ya kupimwa tena uende nazo.